Mikorosho ya babu: kata mti upate korosho!

Leo naweka pembeni siasa na mpira, naongelea korosho. Najua kuna watakaosema "dogo kaishiwa habari". Subirini kwanza.

Babu yangu ana ekari moja ya mikorosho ya zamani, miti kama 60 hivi. Ukiingia humo saa sita mchana ni giza utadhani pango la popo. Miaka ya karibuni anavuna kiduchu, na ada yangu ya chuo cha ufundi inategemea shamba hilo hilo. Kila msimu lawama zinaenda kwa salfa. Nikaanza kuulizauliza kwa mabwana shamba. Kumbe tatizo kubwa ni msongamano!

Iko hivi. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Kwenye kivuli hupati kitu. Matawi ya miti miwili yakigusana, upande huo hauzai tena, mti unabaki kuzaa kule juu ambako hata salfa haifiki vizuri. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari. Babu anayo mara mbili!

Halafu kuna ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Unapenda majani machanga yaliyo kivulini. Usipopogolea yale maotea ya chini, unajificha humo mpaka maua yatoke, kisha unayavamia. Sasa wewe unapuliza salfa kila baada ya wiki mbili, kumbe ugonjwa unaufuga mwenyewe.

Na si kwa babu tu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 zikawa chini ya 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mashamba yao, bei ikawa mbaya, ubwiri unga nao ukaingia. Miti ikaachwa ikasongamana.

Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wanafundisha hivi: punguza miti, na ile isiyozaa ikate ibaki kisiki. Kikichipua, bebesha vikonyo vya mti mama unaozaa sana. Kwa sababu mizizi ni ya zamani, baada ya miaka miwili mitatu unaanza kuvuna. Ila usikate yote kwa mpigo, utalala njaa. Nenda mstari kwa mstari, na kwenye nafasi panda ufuta au mihogo.

Ugumu uko nyumbani. Huku kwetu mti una mwenyewe, mingine alishapewa shangazi. Babu akaniambia, "Mjukuu wangu, baba yangu kapanda kwa mkono wake, wewe unaniambia nikate?" Nikakosa jibu. Shangazi ndiye aliyemaliza: "Baba, mti usiozaa unaturithisha kuni?"

Mwaka jana tukakata mstari mmoja, miti minane. Visiki sita vimeshika. Ada bado, lakini babu mwenyewe sasa anaamka asubuhi kwenda kuvikagua.

Nyie wa Somanga, Nangurukuru na Mchinga, kwenu mmejaribu? Tupieni maoni hapo chini. Na kama babu zenu wamegoma, semeni pia!