Ndege ya Ziada Katika Programu ya Urubani: Kasoro i Wapi?

Programu ya kuigiza urubani humwezesha aliyeketi nyumbani kupaa kutoka Kitale kuelekea Suam, Mlima Elgon ukiwa kushotoni mwake. Ndege za ziada huuzwa kando, hivyo mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba ndege inaafikiana na toleo la programu yake. Ndege iliyoundiwa Flight Simulator X ya 2006, yenye biti 32, huenda ikaonekana katika Prepar3D ya biti 64 iliyotolewa 2017, lakini mita zake zisifanye kazi.

Hata hivyo, si kila hitilafu ni ya muundaji. Kitale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na programu huiga wepesi wa hewa ya huko. Rubani wa Cessna 172 asipopunguza petroli katika mchanganyiko wake na hewa, injini hulegea na njia ya kurukia huweza kumwishia kabla hajapaa. Kabla ya kudai fedha zake, mnunuzi aijaribu ndege hiyo Mombasa, karibu na usawa wa bahari. Ikipaa vyema huko, yaelekea kasoro haimo katika ndege bali katika urubani.