Kitambi kinavyoongea na damu

Huku kwetu mtu akianza kuota kitambi anapongezwa. Mambo yamemnyookea, watu husema, na shati likianza kubana kwenye vifungo vya tumboni, anashona jingine. Pongezi hizo zinatugharimu, kwa sababu mafuta ya tumboni hayakai kimya.

Daktari Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliliona jambo hilo tangu mwaka 1947. Aliandika kwamba mtu aliyenenepa tumboni na sehemu za juu za mwili yuko karibu zaidi na kisukari kuliko aliyenenepa nyonga na mapaja. Maelezo ya ndani yalichelewa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, jijini New York, waligundua leptini, protini inayotengenezwa na seli za mafuta na kusafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo kuupa habari za akiba iliyopo mwilini. Mwaka uliofuata ikajulikana nyingine, adiponektini. Tangu hapo haikuwezekana tena kuyaita mafuta mzigo tu. Ni kiungo kinachofanya kazi.

Adiponektini ndiyo inayonishangaza zaidi. Inatoka kwenye mafuta, lakini kadiri mafuta ya tumboni yanavyoongezeka, yenyewe hupungua. Na kazi yake ni njema: huisaidia insulini kufanya kazi kwenye ini na misuli. Watafiti waliofuatilia watu kwa miaka wamekuta kwamba wenye kiwango cha chini ndio wanaougua zaidi kisukari cha aina ya pili.

Wakati hiyo inapungua, nyingine zinapanda. Mafuta yaliyozunguka utumbo humwaga damu yake kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Humo hupita protini za kuamsha kinga, ikiwemo intalukini-6, na ini likizipokea hutengeneza protini ya CRP, ileile inayopanda mtu anapokuwa na maambukizi. Mwili unakaa katika hali ya kujihami mwaka mzima ilhali hakuna jeraha. Katika hali hiyo insulini haisikilizwi, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, na siku likichoka sukari inapanda.

Je, ukapimwe protini hizi? Kwa maoni yangu, hapana. Malaria au kifua tu vinatosha kuipandisha CRP, kwa hiyo kipimo kimoja hakikwambii lolote la uhakika kuhusu tumbo lako. Adiponektini bado ni kipimo cha watafiti. Futi ya fundi cherehani inatoa habari iliyo karibu sana na hiyo, bila sindano. Simama wima, pumua nje kawaida bila kulivuta tumbo ndani, kisha pitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka alama ya hatari kuwa sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, likikiri kwamba kwa Waafrika lilikuwa linaazima vipimo vya Wazungu hadi tupate vyetu.

Futi haimnasi kila mtu. Nchini Uganda madaktari wamekuta wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili ambao si wanene kabisa. Tatizo lao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Kwa hiyo mwembamba mwenye kiu isiyokatika na anayekojoa mara kwa mara asijidanganye.

Habari njema ni kwamba mafuta ya tumboni huitikia mazoezi upesi, hata kabla mizani haijaonyesha tofauti kubwa, na uzito ukipungua kweli CRP hushuka na adiponektini hupanda. Lakini lazima kwanza mtu ajijue, na mwaka 2021 shirikisho hilohilo lilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kama wanacho. Ukienda kliniki, hata kama umempeleka mtoto, mwombe muuguzi akupime kiuno na sukari siku hiyohiyo.