Paa la stoo limebonyea? Usianze na lami

Wadau, wengi wetu tuna kile kichumba cha nyuma ya duka: kuta za tofali, mlango wa bati, na paa lililolala kabisa kwa sababu fundi aliambiwa abane gharama. Humo ndimo mtaji ulipo. Unga, sukari, sabuni, hata saruji kwa wanaouza vifaa vya ujenzi. Ingia leo uangalie juu. Kama paa limeshuka tumbo katikati, usisubiri mvua ikukumbushe.

Maji yanayotuama juu ya bati ni mzigo. Lita 1 ina kilo 1. Dimbwi la mita 2 za mraba lenye kina cha sentimita 5 ni lita 100, yaani kilo 100. Ni sawa na mifuko miwili ya saruji kukaa juu ya mbao zako usiku kucha. Mbao zikipinda, dimbwi linakua. Dimbwi likikua, mbao zinapinda zaidi. Ndiyo maana kupaka lami au silikoni hakufiki mbali: tundu umeliziba, dimbwi umeliacha palepale.

Kupima unaweza mwenyewe. Gonga msumari kwenye kila ukuta, sentimita 10 chini ya mbao, funga uzi na uukaze vizuri. Halafu pima katikati, kutoka kwenye uzi hadi mbao. Ukipata 10, mbao imenyooka. Ukipata 6, imeshuka sentimita 4. Kisha chukua bisibisi uichome mbao, hasa miisho inayoingia ukutani, maana hapo ndipo unyevu na mchwa huanzia. Ikizama kirahisi kama kwenye mkate, hiyo mbao haina matengenezo, itolewe.

Mbao zikiwa bado nzima, fundi anaweza kuzinyanyua taratibu kwa jeki na nguzo, akapachika mbao mpya kando ya ile ya zamani, kuanzia ukuta hadi ukuta, na kuzibana kwa bolti. Hapa msimamie. Mafundi wengine hulaza mbao ili kazi iishe haraka. Mbao ya 2 kwa 4 iliyolazwa hubonyea mara 4 zaidi ya hiyohiyo ikisimamishwa. Na 2 kwa 6 iliyosimama ni ngumu kupinda zaidi ya mara 3 ukilinganisha na 2 kwa 4 iliyosimama. Kwa hiyo tofauti ya bei unayolipa dukani kwa mbao pana si ya bure. Chukua zilizotiwa dawa ya mchwa.

Ila kunyoosha tu hakutoshi kama paa halina mteremko. Kwa bati za kawaida za migongo, stoo yenye upana wa mita 3 inataka upande mmoja uwe juu kwa karibu nusu mita. Hiyo ni kama kozi mbili za tofali. Ukifika hapo, ni afadhali bati zote zishuke, ukuta upandishwe, paa lipigwe upya. Bati za zamani zisizo na kutu zinaweza kurudi, lakini matundu ya misumari yazibwe. Ukinunua mpya, kumbuka geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 32. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde maji yanapopita.

Kama umepanga, kabla hujanunua hata msumari mmoja ongea na mwenye nyumba. Mpelekee makadirio ya fundi, mkubaliane nani analipa, na kama gharama inakatwa kwenye kodi basi iandikwe na wote wawili msaini. Maneno ya mdomo husahaulika mara tu paa jipya likishang'aa, na unaweza kupandishiwa kodi kwa sababu ya bati ulilonunua wewe!

Kazi ifanyike kiangazi, mzigo wote ukiwa nje na umeme wa stoo umezimwa. Asipande mtu juu ya paa bovu. Likishaisha, mwaga ndoo kadhaa za maji upande wa juu, uingie ndani na tochi. Pakiwa pakavu, rudisha mzigo juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.