Mtoto Anapoomba Skafu: Skauti Wadogo na Wajibu wa Mzazi

Mtoto wako wa miaka saba au minane anarudi kutoka shuleni, anatua mkoba, na kabla hajavua viatu anakuambia: "Mama, mwalimu amesema anayetaka kuwa skauti alete fedha za skafu." Nawe umetoka kazini, miguu inakuuma kwa kusimama ndani ya basi tangu Kariakoo hadi Mbagala, na kichwani unapiga hesabu ya unga, mkaa na kodi ya chumba. Yaelekea utamjibu kwa moja ya majibu mawili: "Msubiri baba yako," au, "Hayo mambo ya gwaride yatakusaidia nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo la pili ni swali la haki, nalo lastahili jibu. Wengi wetu tunawafahamu skauti kwa mbali tu. Tunawaona siku za sherehe za taifa wakiwa wamejipanga mstari, au wakimvisha kiongozi mgeni skafu shingoni huku watu wakipiga makofi. Basi tukadhani kwamba uskauti ni kuvaa vizuri na kupiga saluti. Kwa watoto wadogo hasa, sivyo ulivyo. Kwao uskauti ni mchezo. Lakini ni mchezo uliopangwa ili mtoto ajifunze kujitegemea bila ya kujua kwamba anafundishwa. Na mchezo huo haufiki mbali pasipo mzazi.

ASILI YAKE

Mwanzilishi wa uskauti ni Mwingereza, Robert Baden-Powell, aliyezaliwa mwaka 1857. Alikuwa askari wa dola ya kikoloni, na alipigana vita vya dola hiyo katika bara letu. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Mwaka 1899 na 1900, mji wa Mafeking huko Afrika Kusini ulipozingirwa kwa siku 217, aliona wavulana wadogo wakipewa kazi ya kupeleka ujumbe, nao wakaifanya kwa uaminifu. Jambo hilo halikumtoka akilini: mtoto akiaminiwa, huinuka kufikia imani aliyopewa.

Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, wa matajiri kwa wa wafanyakazi, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kuwaongoza vijana, na makundi yakachipuka kila mahali. Huku kwetu uskauti uliingia Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917. Baada ya uhuru haukutupwa pamoja na bendera ya mkoloni. Chama chetu cha Skauti kilipokewa katika umoja wa skauti wa dunia mwaka 1963, kikiwa chama cha nchi huru. Miaka minne baadaye, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule itoe kijana mwenye fikra zake, anayeshirikiana na wenziwe na asiyedharau kazi ya mikono. Mzazi anayelijua lengo hilo hataona ugeni mkubwa katika kundi la skauti linaloongozwa vema.

KWA NINI WADOGO WAKAPEWA KUNDI LAO

Hapo mwanzo uskauti ulikuwa wa wavulana wakubwa. Lakini kila kundi lilipokutana, wadogo zao waliwafuata nyuma, wakichungulia na kuomba nao waingizwe. Wakubwa waliwaona mzigo, maana mtoto wa miaka minane hawezi mwendo wa kijana wa miaka kumi na minne. Basi mwaka 1916 ukaanzishwa mpango wao wenyewe, uliojengwa juu ya hadithi za mwituni za Rudyard Kipling zilizotoka mwaka 1894. Katika hadithi hizo mtoto wa binadamu analelewa na kundi la mbwa-mwitu. Ndiyo sababu katika nchi nyingi kiongozi wa skauti wadogo huitwa Akela, jina la mkuu wa kundi hilo.

Jirani zetu wa Kenya wameona vema kutafuta mnyama wa nyumbani kwetu. Skauti wao wadogo, kuanzia umri wa miaka sita, huitwa Sungura. Nani kati yetu hakulala usiku mmoja akisikiliza jinsi sungura mdogo alivyomshinda fisi na simba kwa akili? Jina hilo peke yake ni somo: udogo si udhaifu.

Wasichana nao hawakuachwa. Chama cha Girl Guides kilianza Uingereza mwaka 1910, nacho kipo hapa nchini. Na siku hizi si ajabu kuwaona wasichana katika makundi ya skauti wenyewe.

WANACHOKIFANYA

Kwa desturi, skauti wadogo hugawanywa katika vikundi vya watoto sita sita, na kila kikundi huwa na mkubwa wake ambaye naye ni mtoto. Mgawanyo huu una maana. Darasani penye watoto wengi, mtoto mpole aweza kukaa mwaka mzima asisikike. Miongoni mwa sita hana pa kujificha. Zamu yake ya kubeba kamba itafika, zamu ya kuteka maji itafika, na asipotimiza, wenziwe watano ndio watakaomwambia.

Tangu mwanzo wadogo waliwekewa kanuni nyepesi: kumsikiliza mkubwa, na kutojidekeza. Ahadi yao haidai mambo makubwa, ila mtoto ajitahidi kadiri ya uwezo wake. Hafananishwi na mwenzake anayekimbia zaidi, bali na yeye mwenyewe alivyokuwa jana.

Hujifunza kufunga mafundo, kusoma alama za njia zilizochorwa ardhini, kuosha na kufunga kidonda kidogo, na kuwasha moto mbele ya macho ya mkubwa. Lakini lililo kuu ni tendo jema la kila siku. Ipo desturi ya zamani ya skauti kupiga fundo mwishoni mwa skafu ili limkumbushe tendo hilo, asilifungue mpaka awe amelitenda. Ukimwona mwanao jioni anahangaika kutafuta mzee wa kumbebea ndoo, usimcheke. Anataka kufungua fundo lake.

Liko pia jambo ambalo huenda likakushtua. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwetu sisi kumpa mtu mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na mzazi asiyejua aweza kumkaripia mwanawe bure. Skauti husema kwamba mkono huo ndio ulio karibu na moyo. Wengine husimulia kwamba mwanzilishi aliipata desturi hiyo kwa mashujaa wa Ashanti, Afrika Magharibi, walioweka chini ngao zao ili kumpa rafiki mkono ulioishika, ishara ya kumwamini. Mwambie mwanao: kwa skauti mwenzako, kushoto, kwa bibi yako, mkono ule ule tuliokufundisha.

KUNDI SI MAHALI PA KUMTUA MTOTO

Maisha ya mjini yametubana. Wazazi wengi huondoka alfajiri na kurudi usiku, na mtoto hulelewa na televisheni, dada wa kazi na barabara yenye bodaboda. Kwa hiyo twaweza kuvutwa kuliona kundi la skauti kama mahali pa kumtua mtoto Jumamosi, tukapumua. Mzazi atumiaye kundi namna hiyo atavuna kidogo.

Fikiri jambo hili. Mtoto wa kiume amefundishwa kuosha sahani yake. Anafika nyumbani, anaishika sahani, na shangazi anampokonya akisema: "Acha, hiyo kazi ya dada yako." Somo la wiki nzima limekufa hapo hapo. Au mtoto amejifunza kusema kweli, kisha anamsikia baba akimwagiza: "Mwambie mwenye nyumba sipo." Kiongozi wa skauti hukaa na mwanao saa chache kwa juma. Saa zilizobaki ni zako. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Nawe waweza kuanza leo, hata kabla ya kununua skafu. Upo mchezo ambao skauti wamecheza tangu siku za mwanzo, uitwao mchezo wa Kim. Chukua sinia, uweke vitu kumi na viwili vya nyumbani: kijiko, kifungo, ufunguo, karafuu, shilingi, sindano ya kushonea na kadhalika. Waache watoto watazame kwa dakika moja, kisha funika kwa kanga na uwaambie wataje walivyoviona. Hauna gharama, na utashangaa jinsi mtoto unayemwita msahaulifu atakavyokushinda.

ULIZA KABLA YA KUKUBALI

Imani njema haimzuii mzazi kufungua macho. Huko Marekani, chama kikubwa cha skauti kilikwenda mahakamani mwaka 2020 kuomba hifadhi ya kufilisika, kwa wingi wa madai ya watu waliodhulumiwa kimwili na viongozi wao walipokuwa watoto. Madai yaliyowasilishwa yalizidi 80,000. Wengi wa watu hao walinyamaza miaka mingi, kwa kuwa sare ya kiongozi iliheshimiwa kuliko neno la mtoto.

Hatulisemi hili kumtia mtu hofu wala kumshuku kila anayejitolea. Twalisema ili mzazi ajue kwamba kuuliza ni haki yake. Kiongozi ni nani, na je, mkuu wa shule anamfahamu? Je, daima wapo watu wazima wawili au zaidi, asiwepo hata mmoja wa kubaki faraghani na mtoto? Safari ni ya wapi, watarudi saa ngapi, na ni nani atakayewaangalia wakienda majini? Nawe mweleze kama mwanao ana pumu, au kuna chakula kinachomdhuru. Kiongozi mwema hatachukia maswali hayo. Atafurahi kupata mzazi anayejali. Anayechukia, mwondolee mwanao.

Zaidi ya yote, mwanao arudipo, mketishe umsikilize. Usimwulize kama amefurahi tu. Mwambie akuoneshe fundo alilojifunza. Mtoto aliyezoea kusikilizwa katika habari ya fundo ndiye atakayethubutu kukueleza siku akipatwa na jambo zito.

Na fedha je? Usikope kwa ajili ya sare. Zungumza na kiongozi waziwazi, uanze na kile unachokiweza. Kundi linalomwaibisha mtoto kwa kukosa soksi limekwisha kusahau kwa nini lilianzishwa.

ALAMA YA MWISHO

Baden-Powell alimalizia siku zake Nyeri, nchini Kenya, akafariki tarehe 8 Januari, 1941. Kaburi lake linauelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe lake imechongwa mojawapo ya zile alama za njia ambazo hata skauti mdogo hufundishwa kuzichora mchangani: duara lenye nukta katikati. Maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani."

Ndugu mzazi, ndiyo alama ambayo mwanao ataiacha nyuma kila Jumamosi jioni, baada ya kamba, filimbi na nyimbo. Atakuja na vumbi miguuni, skafu imepinda shingoni, na fundo ambalo pengine bado halijafunguliwa. Akute mtu nyumbani wa kumpokea.