Umbile la ndani la chuma huamua uimara wake

Wakulima wa migomba na kahawa katika Kata ya Buganguzi, wilayani Muleba, wanafahamu kuwa majembe mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana kwa uimara. Moja huisha mapema, jingine hudumu misimu kadhaa. Aghalabu tofauti hiyo hutokana na umbile la ndani, yaani namna punje ndogo za chuma zilivyojipanga wakati wa kufuliwa na kupozwa.

Maarifa ya kutawala moto ili kupata chuma bora si mageni mkoani Kagera. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la asili na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science mwaka 1978 kuwa mafundi wa Buhaya walizalisha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto ilizamishwa ndani ya tanuri, hivyo hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa.

Kanuni hiyo ya joto ndiyo inayotawala chuma cha kisasa kiitwacho dupleksi, ambacho hakishiki kutu kwa urahisi na kilianza kutengenezwa nchini Sweden mwaka 1930. Ndani yake mna aina mbili za punje kwa viwango vinavyokaribiana: feriti, iliyo imara na inayostahimili nyufa zitokanazo na chumvi, na osteniti, inayonyumbulika bila kuvunjika. Kwa muungano huo, nguvu yake ni takriban mara mbili ya chuma cha kawaida kisichoshika kutu. Aidha, aina yake maarufu huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nikeli, madini yanayopatikana pia Kabanga, wilayani Ngara, ilhali chuma hicho cha kawaida huhitaji asilimia 8 au zaidi.

Hata hivyo, uwiano huo huharibika kwa joto lisilodhibitiwa. Chuma hicho kikikaa kati ya nyuzijoto 600 na 1,000, huzaliwa ndani yake punje ngumu ziitwazo sigma. Ugumu huo unaweza kupunguza ulikaji pale vyuma vikavu vinaposuguana, lakini hukifanya chuma kuwa chepesi kuvunjika kinapogongwa. Vilevile, sigma hunyonya kromiamu iliyo jirani, na sehemu hiyo huanza kuliwa na kutu. Katika pampu inayosukuma maji yenye mchanga, kutu na msuguano husaidiana kukila chuma.

Kwa sababu hiyo, fundi anayechomelea dupleksi hupaswa kutumia waya wa kuchomelea uliokusudiwa chuma hicho, na kuacha kiungo kipoe hadi chini ya nyuzijoto 150 kabla ya kuongeza tabaka jingine. Chuma hicho pia hakifai kwa kazi ya kudumu kwenye joto linalozidi nyuzi 300, kwa kuwa hukakamaa na kupasuka.

Wanunuzi nao wanakumbushwa kuwa sumaku si kipimo cha kutosha. Dupleksi halisi hunasa sumaku kutokana na feriti iliyomo, hivyo kuikataa kwa kigezo hicho ni kosa. Kipimo cha kuaminika ni cheti cha kiwanda kinachotaja daraja la chuma na viambato vyake.