Mlee, Usimfutie Nasaba

Tangu vita vizuke Sudan mwezi wa Aprili 2023, watoto wengi wamevuka mipaka bila wazazi. Mmoja wao aweza kubisha hodi leo Mowlem, Nairobi, mlangoni mwa Muislamu. Kumpokea ni ibada. Kumbadilisha jina la baba yake ni dhulma.

Zayd bin Haritha (r.a.) alitekwa utotoni katika uvamizi, akauzwa, akafikia nyumbani kwa Bibi Khadija (r.a.). Baba yake alimtafuta hadi akampata Makka, naye Zayd akachagua kubaki na Mtume (s.a.w.). Watu wakamwita Zayd bin Muhammad, mpaka iliposhuka amri katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Mapenzi hayakukatazwa, kilichokatazwa ni kuifuta nasaba.

Basi, enyi mama zetu, mwandikieni mtoto jina lake, la wazazi wake na la kijiji chake kabla hajasahau. Mpelekeni kwa afisa wa watoto. Ulizeni Msalaba Mwekundu, wenye huduma ya kutafuta jamaa waliopoteana. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua kafala, malezi ya Kiislamu. Yamkini mama yake angali hai, akimuulizia kwa jina lile lile.