Konje katika nyumba isiyo na pombe

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya na usalama hausemi juu ya kofia ngumu wala juu ya vumbi la mawe. Unasema juu ya pombe, lakini si kwa namna mliyoizoea, ya kuwakaripia walevi. Nataka tuzungumze juu ya mahali ambapo pombe imekatazwa, na mambo yanayompata msafiri anayefika huko bila kujitayarisha.

Sikieni kwanza habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake silitaji, na juu ya kazi yake nitasema tu kwamba ni ya mashini. Ni mtu mpole, mwenye kulipa madeni yake. Kila jioni akitoka kazini alikunywa chupa zake, na mwisho wa mwezi, feza ilipopungua, alikunywa lotoko. Asubuhi pia, kabla ya kunawa uso, alionja kidogo "ili mikono itulie." Wakati ule kwenye mlango wa kazi hatukuwa bado na kile chombo cha kupulizia. Miaka ilipita namna hiyo. Hakuna aliyemwita mlevi, kwa sababu hakuna aliyemwona ameanguka njiani.

Basi alipata konje yake, akapanda pikipiki pamoja na bibi yake mpaka Kasongo kwa wakwe. Nyumba ya baba mkwe ni nyumba ya Waislamu, na mwezi ulikuwa Ramadhani. Ninyi mliozaliwa Kasongo au Kabambare mnajua maana yake: pombe haiingii katika lupango. Mwenzetu aliwaheshimu wakwe zake. Hakutoroka kwenda nganda, hakuficha chupa katika sanduku. Aliacha kabisa, siku ile ile aliyofika, na moyoni alifurahi kwamba ameweza.

Usiku wa kwanza hakupata usingizi, na shuka lililowa jasho. Kesho yake jioni, wakati wa kufuturu, mikono ilitetemeka hata uji ukamwagika juu ya mkeka. Usiku huo alianguka, akakaza meno, mwili wote ukarukaruka kama wa mtu wa kifafa. Siku ya tatu alianza kuona panya wakipanda ukutani na kuzungumza na watu ambao hawakuwapo. Majirani wakajaa. Wengine wakasema amelogwa kule kwenye mgodi kwa sababu ya wivu wa kazi. Wengine wakasema ni majini, aletewe mwalimu wa kumsomea. Baba mkwe, mzee mwenye akili, akajibu: "Dua tutaisoma, lakini tutaisoma njiani kwenda hospitali." Neno lile liliokoa mtu.

Kilichompata si uchawi. Sikia jinsi kinavyofanya kazi. Pombe hulegeza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujikaza ili ushindane na kulegezwa kule. Ni kama watu wawili wanaovutana kwa kamba: kamba inaonekana imetulia, kumbe wote wawili wanavuta kwa nguvu. Mmoja akiachia ghafla, mwingine huanguka kinyumenyume. Pombe ikiondoka kwa siku moja, ubongo unabaki na nguvu yake yote, hauna wa kuvutana naye.

Saa ni muhimu, mama, kwa hiyo uzishike. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kikombe cha mwisho. Kuanguka kama kifafa hutokea mara nyingi ndani ya siku 2 za kwanza. Kuchanganyikiwa, homa na kuona vitu visivyoonekana huja siku ya pili mpaka ya nne, na mgonjwa asipotunzwa anaweza kufa. Si kila mnywaji anapatwa. Mwenye kunywa chupa moja siku ya Jumapili hana hofu hii. Hatari ni kwa yule anayekunywa kila siku, zaidi yule anayehitaji kikombe asubuhi.

Mtu akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, usimfunge kamba. Mpeleke kwa munganga, na useme ukweli: "Alikuwa anakunywa kila siku, ameacha tangu juzi." Familia nyingi huficha neno hili kwa haya, na munganga anapoteza saa nyingi akitafuta ugonjwa mwingine. Malaria ya kichwa inafanana na hali hii, kwa hiyo damu itapimwa pia, na wakati mwingine mtu ana yote mawili. Hospitali zina dawa za kutuliza ubongo polepole, kama diazepamu, pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mnywaji huwa umeikosa.

Msidhani kwamba nalaumu nyumba ya baba mkwe. Katazo lile halikumdhuru mtu; miaka ya kunywa ndiyo iliyomdhuru. Na katika Maniema yetu nyumba za namna hiyo ni nyingi. Uislamu ulifika Kasongo na Nyangwe pamoja na waungwana na wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, ukabaki hata baada ya majeshi ya Leopold II kuuteka mji wa Kasongo mwaka 1893. Ukilala kwa Wakimbangisti, pombe na tumbako ni mwiko pia. Makanisa mengi ya Kiprotestanti husema vile vile. Kwa hiyo msafiri wa kutoka mgodini mpaka Kasongo anaweza kuvuka mipaka mitatu ya pombe bila kuvuka mpaka mmoja wa nchi.

Sasa tuvuke mipaka ya nchi, maana siku hizi ndugu zetu wanakwenda mbali. Wafanyabiashara wetu wanafika Dubai kununua nguo na simu. Dubai pombe inauzwa katika hoteli na maduka yenye ruhusa, lakini kutembea barabarani ukiwa umelewa ni kosa la polisi. Jirani yake kabisa ni Sharjah, mahali ambapo wengi hupanga vyumba kwa sababu ni rahisi, na huko pombe imekatazwa tangu miaka ya 1980. Mtu anaweza kununua chupa upande mmoja, akapanda motokari, na kabla haijapoa ameishakuwa mkosaji. Saudia, wanakokwenda mahujaji wetu, ilikataza pombe mwaka 1952. Mwaka 2024 lilifunguliwa duka moja mjini Riyadh kwa ajili ya wanadiplomasia wasio Waislamu. Si kwa ajili yako wewe mwenye kibanda sokoni.

Kuwait imekataza tangu miaka ya 1960. Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Agosti 2025, wageni wafanyakazi wa nchi ile, wengi wao kutoka Asia, walikunywa pombe iliyotengenezwa kwa siri. Wizara ya afya ilihesabu wagonjwa 160, na 23 walikufa. Wengine walipoteza macho. Wale walikuwa watu kama sisi, waliotoka kwao kutafuta mshahara, wakinywa jioni baada ya kazi.

Kilichowaua kinaitwa methanoli. Ni ndugu ya pombe, inafanana nayo kwa rangi na kwa harufu, na ulimi hauwezi kuitambua. Viwandani hutumika kwa rangi, gundi na dawa za kusafishia. Mtengenezaji wa siri akitaka pombe yake iwe kali kwa feza kidogo, anaiongeza. Mnywaji analewa kama kawaida, analala, na kesho yake, mara nyingi baada ya saa 12 mpaka 24, tumbo linauma, anatapika, anahema haraka, na macho yanaona ukungu mweupe. Ukiona macho ya mtu yana ukungu baada ya kunywa, hakuna kungoja asubuhi.

Jambo hili halihitaji nchi ya Waislamu. Marekani ilikataza pombe kwa taifa zima kuanzia 1920 mpaka 1933, na watu wengi walikufa kwa pombe ya sumu. Mwaka 1930 maelfu walipooza miguu kwa kinywaji cha tangawizi kilichochanganywa na kemikali. Karibu na mpaka wetu, wilayani Kabale, Uganda, watu wapata 80 walikufa mwaka 2010 kwa waragi yenye methanoli. Kenya walikuwa wamekataza chang'aa tangu 1980, na vifo vikazidi, hata sheria ya 2010 ikaifungulia mlango kwa masharti ya usafi na chupa za kioo. Je, ilisaidia? Mwaka 2014 watu wengi walikufa tena kule, kwa pombe ya chupa. Mimi naona sheria peke yake haioni ndani ya bidoni.

Mama anayevuka ziwa na bidhaa kutoka Kalemie au Uvira kwenda Kigoma ajue hili pia: Tanzania ilikataza pombe kali za vifuko, wanazoziita viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Vile vifuko unavyoviona kama dawa ya baridi njiani vinaweza kukuletea shida forodhani na kukupotezea mzigo mzima.

Na kwetu? Wengi mnafikiri lotoko ni mali ya babu na haina sheria. Serikali ya Leopold II ilikataza vileo vikali tangu 1890 katika sehemu zote za juu ya mto Inkisi, yaani mbali sana na hapa, upande wa bahari. Maniema yote ilikuwa ndani ya katazo. Wabelgiji wakaendelea kukataza watu weusi kununua vileo vikali mpaka miaka ya 1950, huku wao wenyewe wakinywa barazani. Watu hawakusahau ubaguzi ule, na nafikiri ndiyo sababu moja inayofanya katazo la lotoko lidharauliwe hata leo. Lotoko ilijificha msituni, na msituni imebaki: katika mapipa yaliyobeba mafuta, katika mirija iliyounganishwa kwa risasi. Risasi ile inaingia katika kinywaji, inaharibu damu na neva. Hata bila methanoli, hakuna anayejua ukali wake. Kikombe cha leo si sawa na kikombe cha jana.

Kuna katazo moja tena, na hilo mnakutana nalo kila siku: mlango wa kazi. Chombo cha kupulizia kimewaudhi wengi, najua, nimesikia majina mliyonipa. Lakini mwili huondoa pombe polepole. Chupa kubwa tatu za saa nne ya usiku zinaweza kuwa bado damuni saa kumi na mbili ya asubuhi. Kahawa haiondoi. Kuoga hakuondoi. Wakati tu.

Kwa hiyo naomba hivi. Wewe unayekunywa kila siku, na unajua konje yako inakupeleka kwa wakwe wasiokunywa, au hija, au Dubai, au hospitali kwa upasuaji (maana hata kitanda cha hospitali ni nchi iliyokataza pombe), pita dispanseri majuma mawili mbele. Tutapanga namna ya kupunguza kidogo kidogo, na kama ni lazima, dawa pamoja na kitanda kwa siku chache. Usijipunguzie mwenyewe kwa kusikia shauri la nganda. Utakayoniambia hayaendi kwa mkubwa wa kazi. Yanabaki katika karatasi ya ugonjwa, kama malaria na minyoo.

Mwenzetu yule wa Kasongo alipita mwezi uliopita, jioni, watu walipokwisha kutawanyika. Konje yake inaanza tarehe 15, na bibi yake ameishanunua kanzu ya kumpelekea baba mkwe.